Kichwa, Viuno na Moyo: Uhakiki wa Maandishi ya Roy Willis juu ya Wafipa, kwa Kuzingatia Namna Mkristo Anavyofikia Uamuzi

Mchungaji anayepangiwa kazi katika mkoa wa Rukwa hupewa barua ya uhamisho, nauli na maneno ya kumtia moyo. Ni mara chache sana hupewa kitabu chochote juu ya watu anaokwenda kuwatumikia. Upungufu huu ungesameheka kama vitabu vyenyewe visingekuwapo. Lakini juu ya Wafipa vipo, na baadhi ya vilivyo bora vimetoka katika mkono wa mtu mmoja, Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliyefanya utafiti wake Ufipa katika miaka ya mwanzo ya uhuru wa Tanganyika.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maandishi manne ya mwandishi huyo. La kwanza ni insha ya mwaka 1967, The Head and the Loins, yaani Kichwa na Viuno. La pili ni insha ya mwaka 1968 juu ya vuguvugu la Kamchape. La tatu ni sura aliyoiandika mwaka 1970 kwa jina la Instant Millennium, ambalo twaweza kulifasiri kuwa Milenia ya Papo kwa Papo. La nne, ambalo tutaligusa kwa ufupi tu, ni kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya uponyaji kwa njia ya pepo miongoni mwa Walungu wa Zambia, majirani wa Wafipa. Hatuyahakiki kama wanaanthropolojia, bali kama watu waliokabidhiwa kulihubiri Neno na kuwashauri waumini. Swali letu ni hili: mkazi wa Katandala, kata ya mji wa Sumbawanga ambamo Mfipa na mgeni huishi ukuta kwa ukuta, akifikwa na jambo zito, huamuaje? Akili ina sehemu gani katika uamuzi wake, na hisia, na imani? Willis ametusaidia sana kulielekea swali hilo. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ametuacha nusu ya njia.

Kichwa juu, viuno chini

Hoja ya insha ya 1967 yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Willis anasema kwamba fikra ya Wafipa juu ya mwanadamu na jamii yake imejengwa juu ya sehemu mbili za mwili. Kichwa ni makao ya akili, nacho huhusishwa na mamlaka, ukubwa wa umri na uanaume. Viuno ni makao ya nguvu na uzazi, navyo huhusishwa na udogo wa umri, uanamke na yale yote yanayochemka ndani ya mtu kabla hajafikiri. Kichwa hutawala, lakini kichwa peke yake hakizai kitu. Viuno huzaa, lakini vikiachwa peke yake havina mwelekeo. Kwa hiyo kila mmoja humhitaji mwenzake.

Willis anauona mpango huo huo katika simulizi la asili ya ufalme. Hapo kale, Ufipa yote ilikuwa chini ya mtawala wa Milansi. Husimuliwa kwamba mtawala huyo alikwenda kuwinda, na kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kwamba wageni watakuja, asiwaachie kigoda cha utawala. Wageni wakaja, nao walikuwa wanawake watatu wa ukoo wa Watwa. Aliporudi alikuta kigoda kimekaliwa. Hakupigana. Akafanya mapatano: wao wakachukua utawala wa nchi, naye akabaki na heshima ya ukuhani pamoja na eneo dogo linalouzunguka mlima wa Itwelele. Kutokana na Watwa zikatokea baadaye falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Kwa Willis, Milansi ni kichwa, ya kale, iliyokaa mahali pamoja. Watwa ni viuno, wageni wenye nguvu watokao nje. Ufalme mzima ni mwili mmoja wenye sehemu hizo mbili.

Huu ni uchanganuzi mzuri. Unamwonyesha msomaji kwamba watu wa nyanda hizi za juu kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa walikuwa na falsafa yao juu ya akili na hisia kabla ya Mapadre Weupe kufika Karema mwaka 1885, na kabla ya mtu yeyote kuwaletea Aristotle. Mwanafunzi wa theolojia ambaye bado anafundishwa kwamba Mwafrika huamua kwa hisia na Mzungu kwa akili, asome insha hii kwanza. Ndipo atakapojua ya kuwa Mfipa wa kale aliipa akili cheo cha juu kuliko wengi wetu tunavyoipa.

Pamoja na sifa hizo tuna malalamiko mawili.

La kwanza lahusu simulizi lenyewe. Willis aliandika chini ya kivuli cha Lévi-Strauss na nadharia ya umuundo, na udhaifu wa nadharia hiyo ni kwamba huona nafasi za watu na kuwasahau watu waliomo katika nafasi hizo. Katika simulizi la Milansi kuna mtu mmoja tu aliyelazimika kuamua jambo papo hapo, naye ni mke wa mtawala. Alikuwa na agizo la mumewe, ambalo lilikuwa la akili. Mbele yake walisimama wageni, na mgeni katika mila zetu ana haki ya kuketishwa. Alikuwa peke yake. Kwa nini aliwaachia kigoda? Uchanganuzi wa Willis unapita hapo kwa haraka mno, kwa sababu katika mpango wa kichwa na viuno mwanamke huyo tayari amekwisha kupangiwa upande wake. Kwetu sisi hapo ndipo penye simulizi. Na uamuzi wa pili, ule wa mtawala aliyerudi na upinde wake mkononi asiutumie, nao si wa kupita hivi hivi. Je, alikubali kwa kuwa alipiga hesabu, au kwa hofu, au kwa kuona katika jambo hilo mkono ulio mkubwa kuliko wake? Simulizi linaacha nafasi kwa yote matatu.

Lalamiko la pili ni la Maandiko. Mpango wa kichwa juu na viuno chini unafanana mno na mahubiri tuliyoyazoea, yale yanayosema kwamba mtu mzima katika Kristo ni yule aliyezitiisha hisia zake chini ya akili, na akili yake chini ya imani, kama ngazi ya vidato vitatu. Biblia haiufahamu mpangilio huo. Kwa Mwebrania, moyo ndio ufikirio, na ndio uogopao, na ndio uamuao. Sulemani alipoulizwa aombe atakalo, katika 1 Wafalme 3, aliomba moyo uwezao kusikia, nao ndio uliohesabiwa kuwa hekima. Mara tu baada ya ombi hilo tunasimuliwa habari ya wanawake wawili na mtoto mmoja. Sulemani hakuwa na shahidi wala ushahidi. Alitafuta ushahidi mahali pasipotazamiwa, yaani katika uchungu wa mama. Neno la Kiebrania litumikalo kwa huruma ya yule mama ni la shina moja na neno tumbo la uzazi. Yaani hukumu iliyo maarufu kuliko zote kwa akili yake ilisimama juu ya kile ambacho Mfipa wa Willis angekiweka katika viuno. Mfalme alipata kuamua kwa haki kwa sababu aliruhusu viuno viseme, naye akavisikiliza.

Tuongeze hapa jambo dogo ambalo laweza kuonekana limetoka pembeni. Wafipa walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha chuma, na baadhi ya matanuru yao marefu ya udongo yamesalia yakiwa yamesimama Ufipa. Fundi alichagua jiwe, udongo na mkaa kwa maarifa yaliyojaribiwa kizazi baada ya kizazi. Wakati huo huo tanuru lilihesabiwa kuwa bibi arusi, likawekewa dawa, na mafundi wakajitenga na wake zao muda wote wa kazi. Mtu wa nje atauliza ni ipi katika hizo iliyokuwa kazi yenyewe na ipi mapambo. Fundi hakuuliza hivyo. Akili yake, shauku yake na uchaji wake vilikuwa katika moto mmoja.

Kamchape

Sasa tuje penye uzito wa jambo. Katika miaka ya 1963 na 1964, mwaka wa pili na wa tatu wa uhuru, Ufipa ilitikiswa na vuguvugu la Kamchape. Makundi ya vijana yalipita vijijini yakidai kuwa na uwezo wa kuung'oa uchawi. Watu walikusanywa, wakachanjwa dawa, nyumba zikapekuliwa, pembe na vifuko vya dawa vikatolewa nje na kuharibiwa. Wengi wa waliotajwa kuwa wachawi walikuwa wazee. Halikuwa jambo jipya kabisa, kwa kuwa katika miaka ya 1930 wimbi la Mchape lilikuwa limetoka Nyasaland na kuenea katika nchi za jirani. Wala halikuwa jambo la halali, maana Sheria ya Uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928. Na nchi haikuwa ya wapagani. Ufipa ya 1963 ilikuwa imekwisha kubatizwa kwa sehemu kubwa sana na wamisionari wa Kikatoliki.

Willis alikuwako, na insha yake ya 1968 ina thamani ya ushahidi. Maelezo yake ni ya kijamii. Kamchape, asema, iliwapa vijana fursa ya kuwaondolea wazee mamlaka vijijini, na kwa hiyo ulikuwa mgawanyo mpya wa nguvu uliovikwa vazi la vita dhidi ya uchawi. Katika sura ya 1970 anaongeza kwamba vuguvugu za namna hii huahidi kuingia kwa ghafula katika zama mpya zisizo na uovu. Kijiji kitalala leo na wachawi, kesho kitaamka bila hata mmoja. Kwa mtu anayefundisha somo la mambo ya mwisho, sura hii fupi ina faida kubwa.

Maelezo hayo hatuyapingi. Tunachosema ni kwamba yanaeleza Kamchape ilifanya nini, wala hayaelezi mtu mmoja mmoja aliamua nini alipounyosha mkono wake uchanjwe. Tumfikirie mtu mzima wa siku zile, mwenye jina la ubatizo na rozari shingoni. Hakuwa mjinga, na tukimsikiliza tutaona alifikiri sawasawa. Wakija nisipokwenda, watasema mimi ndimi mchawi. Nikienda, sipotezi kitu ila fedha kidogo. Dawa ikiwa ya kweli, nitalindwa. Ikiwa ya uongo, hainidhuru. Kwa hiyo nitakwenda. Hapa hakuna kosa la mantiki. Kila hatua inafuata ile iliyotangulia, na Pascal mwenyewe asingeidharau hesabu hiyo. Kichwa kilifanya kazi yake vizuri. Ila kilianza kazi hiyo mahali ambapo hofu ilikuwa imekwisha kupachagua: hofu ya mchawi, na iliyo kubwa zaidi, hofu ya kuitwa mchawi.

Hili ndilo jambo ambalo mpango wa kichwa na viuno hauwezi kulionyesha. Katika mpango huo akili ikishindwa, ni kwa sababu imezidiwa nguvu na hisia, kama mzee aliyesukumwa na kijana. Katika Kamchape akili haikusukumwa wala haikuzidiwa. Iliajiriwa. Ilifanya kazi kwa uaminifu kwa bwana ambaye haikumchagua.

Maandiko yanaye mtu wa namna hii katika 1 Samweli 28. Sauli mwenyewe ndiye aliyekuwa amewafukuza wenye pepo na wachawi katika nchi. Alipoliona jeshi la Wafilisti moyo wake ukatetemeka, na usiku huo huo akajigeuza mavazi kwenda Endori kumtafuta mwanamke wa kazi ile ile aliyoipiga marufuku. Sheria ilikuwa yake, lakini hofu nayo ilikuwa yake. Serikali ya kikoloni ilifanya kama Sauli mwaka 1928, na makanisa yetu yamefanya hivyo mara nyingi kwa kanuni za nidhamu. Tumetunga katazo, tukadhani tumeiondoa hofu. Husimuliwa kwamba hata jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Kama ndivyo, basi wageni waliambiwa hivyo tangu mlangoni, na bado hofu haikuondoka. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino, yaliyoanza kuitikisa Kanda ya Ziwa mwaka 2007, yaliufikia mkoa wa Rukwa pia, miongoni mwa watu wenye shule, zahanati na makanisa ya kila dhehebu.

Kikombe cha Samunge

Asije msomaji akadhani tunawanyooshea Wafipa kidole, au ndugu zetu Wakatoliki. Kanisa letu ni dogo na changa katika Rukwa, na Kamchape haikutukuta huko. Lakini ya kwetu tunayo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi ya mti wa mugariga kutoka mkononi mwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa kanisa letu wenyewe. Alisema Mungu alimfunulia katika ndoto. Bei ilikuwa shilingi 500, na sharti lilikuwa kwamba dawa haina nguvu isipotolewa na yeye. Foleni ya magari ilinyooka kilomita nyingi porini. Wako waliofia njiani. Wako walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI wakiamini wamepona, na miongoni mwao wako waliokufa. Mawaziri walikunywa. Baadhi ya viongozi wa kanisa walimtetea hadharani. Mzee Mwasapile alifariki mwaka 2021, na hatuandiki haya ili kumhukumu. Wengi waliomjua walishuhudia unyofu wake.

Tunaandika kwa sababu ya walioamua kwenda. Kutoka Sumbawanga hadi Samunge ni mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja, na mwaka ule barabara ya kwenda Tunduma ilikuwa bado haijakamilika kutiwa lami. Mtu hauzi ng'ombe wala mahindi ya akiba kwa ajili ya safari kama hiyo bila kufikiri. Alipiga hesabu: shilingi 500 dhidi ya gharama ya hospitali, mchungaji dhidi ya mganga, waziri amekunywa, askofu hakukataza. Hesabu ni ile ile ya Kamchape, isipokuwa mara hii imevaa kola ya kichungaji. Na neno imani lilitumika kuifunga. Aliyeuliza swali aliambiwa ana imani haba.

Hapo ndipo tunapoona hatari iliyo yetu hasa. Tumezoea kuitaja imani kama kidato cha tatu, kinachoanza pale akili inapokoma. Mahubiri mengi husema hivyo: akili imefika mwisho, sasa tumia imani. Lakini imani inayowekwa mwishoni mwa ngazi inakuta mambo yote yamekwisha kuamuliwa huko chini na hofu, nayo hubakiwa na kazi ya kupiga muhuri tu.

Luther na waliomzunguka

Hufikiriwa kwamba Luther ndiye baba wa imani ya namna hiyo, kwa sababu ya maneno makali aliyoyatumia dhidi ya akili, hasa katika hubiri lake la mwisho huko Wittenberg mnamo Januari 1546. Anayemsoma hivyo amesoma nusu. Huko Worms mwaka 1521 aliomba ashindwe kwa Maandiko au kwa hoja zilizo wazi, na katika hoja zake za mwaka 1536 juu ya mwanadamu aliihesabu akili kuwa kitu kilicho bora kuliko vyote vya maisha haya, na chenye sehemu ya uungu. Alichokikataa ni akili kukaa katika kiti cha hukumu juu ya neema.

Mwenzake Melanchthon aligusa jambo letu kwa karibu zaidi. Katika Loci ya mwaka 1521 anafundisha kwamba nia ya mtu haina mamlaka juu ya mihemko ya moyo. Mhemko haushindwi kwa amri wala kwa hoja, hushindwa na mhemko mwingine ulio na nguvu zaidi. Mtu haachi kuogopa kwa kuwa ameambiwa asiogope. Huacha akipata kitu kingine cha kukishika.

Tukilirudia Katekisimo Ndogo kwa macho haya, twaona jambo ambalo kwa miaka mingi tumelikaririsha vipaimara bila kulitazama. Amri ya kwanza inafafanuliwa kwa vitenzi vitatu: kumcha Mungu, kumpenda na kumtumainia. Vyote vitatu ni vya moyo, na cha kwanza ni cha hofu. Imani kwa Luther haikai juu ya hisia kama bwana juu ya mtumwa. Hushuka mle mle hofu inapokaa na kugombea kiti hicho. Kisha, katika ufafanuzi wa sehemu ya tatu ya Imani ya Mitume, muumini anakiri kwamba hawezi kumjia Kristo kwa akili yake wala kwa nguvu zake mwenyewe. Akili na nguvu! Mfipa wa Willis angeelewa mara moja ni nini kinachotajwa hapo: ni kichwa na ni viuno, vyote viwili. Havidharauliwi, kwa kuwa sehemu ya kwanza imekwisha kumshukuru Mungu kwa kuvitoa, akili na viungo vyote vya mwili. Vinaambiwa tu kwamba havitoshi kumwita mtu kwa Injili.

Tukirudi Katandala

Tuchukue mfano tulioutunga, ingawa kila mtumishi ataona amekwisha kuuona. Mama kijana wa Katandala amerudi na mtoto kutoka bonde la Rukwa, ambako mbu ni wengi kuliko mjini. Usiku mtoto anashikwa na degedege. Mama mkwe anamwambia, "Mwanangu, hii si homa ya sindano. Ukimpeleka wakamchoma, unamzika." Imani hiyo kwamba sindano humuua mtoto mwenye degedege imeenea sehemu nyingi za Tanzania, na yule bibi haisemi kwa ubaya, kwa maana naye anampenda mjukuu wake. Mama anakimbilia nyumba ya mchungaji. Mchungaji mmoja atasema, "Mama, kuwa na imani, tuombe." Mwingine, aliyesoma zaidi, atasema, "Mama, huo ni ujinga, peleka mtoto hospitali." Wa pili amesema kweli na wa kwanza hakusema uongo, lakini wote wawili wamemwacha mama mlangoni pamoja na hofu yake. Sasa ana hofu mbili, ya kumwua mtoto na ya kumkosea mama mkwe.

Kinachotakiwa usiku ule ni mchungaji avae viatu. Aende nao hospitali, bibi naye akiwamo, na njiani amsikilize bibi huyo kwa heshima ya mzee, aulize ni mtoto gani aliyemwona akifa kwa sindano, kwa sababu yamkini yupo, na alifikishwa akiwa amekwisha kuchelewa. Maombi yatafanyika, tena ndani ya gari au juu ya pikipiki. Na hoja za malaria zitaelezwa pia, ila zitaelezwa na mtu aliyekwisha kushika upande mmoja wa mzigo. Akili ya mama itazipokea, kwa kuwa sasa haifanyi kazi peke yake kwa bwana yule wa kwanza.

Mtaguso wa Matendo 15 waweza kusomwa kwa namna hii. Hapakukosekana mabishano, tena mengi. Petro alisimulia aliyoyaona, Barnaba na Paulo wakasimulia, Yakobo akaleta manabii. Ndipo wakaandika kwamba Roho Mtakatifu pamoja nao wameona vema. Hakuna aliyenyamazishwa kwa jina la imani, na hofu ya wale wa tohara ilisikilizwa mpaka mwisho, ikapewa nafasi hata katika barua yenyewe.

Neno juu ya kitabu cha 1999. Ndani yake Willis ni mtu mwingine. Yule aliyekuwa akipanga nafasi za kichwa na viuno sasa anakaa ngomani pamoja na waganga wa Kilungu, anakubali kwamba ameguswa na kile alichokwenda kukichunguza, na kuandika juu ya nafsi ya mtu kama kitu kisicho na ukuta. Wanasayansi wenzake wengine waliona amepotea. Sisi tunaona kwamba alikuwa akiitafuta ile sehemu ya tatu ambayo insha ya 1967 haikuwa na mahali pa kuiweka, ijapokuwa hatuwezi kumfuata alikoitafuta. Pepo waponyao na pepo wachezao tu, kama anavyowagawa katika jina la kitabu, hawana budi kujaribiwa kwa kipimo cha 1 Yohana 4, na kipimo hicho hakimo katika kitabu hicho.

Insha ya 1967 yastahili kutafsiriwa kwa Kiswahili na kuwekwa mikononi mwa wanafunzi wetu. Na ikiwa yuko miongoni mwao atokaye Nkansi au Lyangalile, mwenye nyanya aliye hai, tunampa kazi. Likizo ijayo amwombe nyanya huyo amsimulie habari za Milansi kwa Kifipa, asimkatize, na wakifika pale wageni wanapoingia, amwulize yule mke wa mtawala aliogopa nini. Ukurasa huo Willis hakutuandikia.